Uliza Mwalimu: Nani Alisema Oksijeni Ni Nyekundu?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Muheza. Kwenye mtihani wa mwezi tuliulizwa tabia tatu za oksijeni. Niliandika: haina harufu, inasaidia vitu kuungua, ina rangi nyekundu. Nikapata alama mbili, na jibu la tatu likasomwa mbele ya darasa, watu wakacheka hadi kengele ikalia. Lakini kwenye boksi la mipira ya maabara oksijeni ni nyekundu, kaboni nyeusi, haidrojeni nyeupe. Kama si kweli, nani alizipanga rangi hizo, na kwa nini tunafundishwa uongo? — Mwanafunzi, Muheza*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuchekwa. Nimefundisha Kemia miaka 31 kabla ya kustaafu hapa Tanga, na jibu lako hilo nimelisahihisha zaidi ya mara moja. Sikuwahi kulipa alama, lakini kulicheka pia sikuwahi, maana kosa ni letu walimu. Tunafungua boksi, tunamwaga mipira mezani, tunasema "hii ni oksijeni", halafu tunasahau kuongeza neno moja tu: tujaalie.

Oksijeni unayoivuta sasa hivi haina rangi. Ukiipoza mpaka nyuzi 183 chini ya sifuri inageuka kimiminika, na kimiminika hicho ni buluu ya kupauka. Rangi zingegawiwa kwa haki, oksijeni ingepewa buluu.

Aliyeivisha nyekundu ni Mjerumani mmoja, August Wilhelm Hofmann, na siku yenyewe inajulikana: Ijumaa jioni, tarehe 7 Aprili 1865, London. Mahali ni Royal Institution, mtaa wa Albemarle, ambako Michael Faraday alikuwa ameanzisha mihadhara ya Ijumaa jioni miaka kama arobaini nyuma. Wasikilizaji wa mihadhara ile wengi wao hawakuwa wanakemia. Walikuwa mabwana na mabibi wa mjini, wamevaa, wamependeza, wanataka kuelewa jambo jipya bila kuumwa kichwa. Na jambo alilokuwa nalo Hofmann jioni ile lilikuwa gumu: kwamba atomi za kila elementi zina idadi yake ya kushikana na wenzake. Haidrojeni hushika mmoja. Oksijeni hushika wawili, naitrojeni watatu, kaboni wanne. Wewe unaliita valensi na umelikariri; wakati ule lilikuwa jambo bichi, linabishaniwa.

Afanyeje? Miaka ile Waingereza walikuwa wamepagawa na mchezo unaoitwa kroketi. Unachezwa kwenye nyasi: unagonga mpira wa mbao kwa nyundo ya mbao yenye mpini mrefu, unaupitisha kwenye vijitao vya waya vilivyochomekwa ardhini. Karibu kila aliyekaa kwenye ule ukumbi alikuwa ameshaushika mpira wa namna ile. Basi Hofmann akachukua mipira ya kroketi, akaipaka rangi, akaitoboa, akatia vijiti vya chuma vya kuunganishia. Mpira mweupe una kijiti kimoja, huo ni haidrojeni. Wa kijani nao kimoja, klorini. Mwekundu viwili, oksijeni. Wa buluu vitatu, naitrojeni. Mweusi vinne, kaboni. Halafu akaanza kujenga mbele ya macho yao: mweupe na kijani, asidi hidrokloriki. Mwekundu na weupe wawili, maji. Wa buluu na weupe watatu, amonia. Mweusi na weupe wanne, gesi ya kinamasi, ambayo wewe unaiita methani.

Rangi nyingine zinajieleza zenyewe. Klorini kweli ni gesi ya kijani iliyochanganyika na manjano, na kaboni mfano wake ni mkaa. Oksijeni husaidia moto kuwaka, na huenda ndiyo maana ikavishwa nyekundu. Hebu litazame jibu lako la pili kwenye mtihani: "inasaidia vitu kuungua". Huenda ulikuwa umeshika sababu ya rangi bila kujua.

Sasa unauliza kwa nini tunafundishwa uongo. Hapo sikubaliani nawe, lakini swali lako limenikumbusha aibu yangu mwenyewe, na nitaifikia. Kwanza nikueleze huyu mtu, maana ukimjua utaelewa kwa nini mipira ile ilitoka mikononi mwake na si kwa mwingine.

Hofmann alizaliwa Giessen, Ujerumani, tarehe 8 Aprili 1818. Kwa hiyo siku ya mhadhara wa mipira ilikuwa mkesha wa kutimiza miaka 47. Kemia hakuianza utotoni. Aliingia chuo kusoma sheria na lugha. Baba yake alikuwa msanifu majengo, na ndiye aliyepewa kazi ya kupanua maabara ya Justus Liebig pale Giessen, maabara iliyokuwa ikivuta wanafunzi kutoka nchi nyingi. Kijana akawa anapita pale, anachungulia, mwisho akanasa. Mimi nina wazo langu, na ni langu tu: mtoto aliyekulia kwenye nyumba ya michoro ya majengo hawezi kuridhika na hesabu za karatasini. Atataka kuona nguzo imesimama wapi.

Shahada yake ya 1841 ilihusu lami ya makaa ya mawe. Miji ya Ulaya ilikuwa inachoma makaa ya mawe kupata gesi ya taa, na kilichobaki ni uji mweusi unaonuka. Hofmann alitoa humo anilini, kemikali ya mafutamafuta, na jamaa zake, na anilini ikawa kipenzi chake maisha yote.

Mwaka 1845 akaitwa London kuongoza chuo kipya cha kemia, Royal College of Chemistry. Inasimuliwa kwamba mwaka huohuo Malkia Victoria na mumewe Albert walikwenda Bonn kwenye sherehe za sanamu ya Beethoven. Albert, aliyewahi kusoma Bonn, akataka kukiona chumba alichopanga ujanani. Kufungua mlango, akamkuta ndani mpangaji mpya na chupa zake za kemia: Hofmann. Wakazungumza, na safari ya London ikawa nyepesi. Alikaa huko miaka 20.

Wanafunzi wake wa London wangejaza ukurasa huu peke yao. Mmoja, Charles Mansfield, alikuwa bingwa wa kutenganisha benzini kutoka kwenye lami. Mwaka 1855 mtambo wake ulifurika ukashika moto, akaubeba kuutoa nje, akaungua, akafa kwa majeraha. Nakutajia huyu kwa sababu najua mnavyochezea taa ya spiriti mwalimu akitoka.

Mwingine alikuwa William Perkin, aliyeingia chuoni akiwa na miaka 15. Hapa sikiliza vizuri. Sisi tuliokulia pwani tukinyweshwa kwinini tunaujua uchungu wake mpaka leo. Karne ile kwinini ilipatikana kwenye magome ya mti tu, na Hofmann alikuwa ameshaandika mwaka 1849 kwamba huenda siku moja ikatengenezwa kutokana na lami. Likizo ya Pasaka ya 1856 Hofmann yuko Ujerumani, Perkin ana miaka 18, yuko nyumbani kwao mashariki ya London, akajaribu. Hesabu yake kwenye karatasi ilikaa sawa kabisa: chukua molekuli mbili za kitu chenye kaboni 10, haidrojeni 13 na naitrojeni 1, ongeza oksijeni tatu, ondoa maji, unabaki na kaboni 20, haidrojeni 24, naitrojeni 2, oksijeni 2. Hiyo ndiyo fomula ya kwinini, hakuna atomi iliyozidi wala iliyopungua. Akapata matope ya kahawia. Akarudia kwa anilini, yakatoka matope meusi, na alipoyaosha kwa spiriti, spiriti ikageuka zambarau. Ndiyo rangi ya kitambaa iliyomtajirisha. Hofmann hakufurahi, aliona mwanafunzi wake bora anaacha sayansi akafungue kiwanda.

Kwa nini kwinini haikutoka? Kwa sababu kuhesabu matofali si kujua nyumba. Perkin alijua idadi ya atomi, hakujua zimeshikana vipi, na mwaka 1856 hakuna aliyejua. Miaka tisa baadaye mwalimu wake anasimama na mipira ya kroketi kuonyesha nani kamshika nani. Mimi nikiitazama mipira ile naona jibu la matope ya Perkin, ingawa Hofmann hakulisema hivyo.

Ila sasa aibu yangu. Mipira ya Hofmann ilikuwa na kasoro moja kubwa. Methani yake ilikuwa bapa: mweusi katikati, weupe wanne pembeni, kama msalaba uliolazwa mezani. Yeye hakudai kwamba atomi zimekaa hivyo angani. Alikuwa anaonyesha idadi ya mikono, basi. Lakini mimi, mwaka wangu wa pili kazini, nilikuwa naichora methani hivyohivyo ubaoni na kuwaambia wanafunzi "umbo lake ndilo hili". Shule yetu haikuwa na boksi la mipira.

Siku moja binti mmoja wa kidato cha tatu, mkimya, akanifuata ofisini na daftari. Akaniambia: "Mwalimu, nikiondoa haidrojeni mbili nikaweka klorini mbili, naweza kuziweka jirani, au nikaziweka zinatazamana. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Mbona kitabu kinasema kipo kimoja tu?" Nikamwambia arudi kesho. Jioni ile sikula vizuri.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, nikaenda soko la Ngamiani. Yule mama niliyezoea kununua kwake machungwa alikuwa anapanga mafungu: matatu chini yamegusana, moja juu limekaa kwenye kishimo. Matatu chini, moja juu. Nikasimama kama niliyesahau nilichofuata. Katika fungu lile kila chungwa linagusa mengine yote matatu. Chagua mawili yoyote, ni jirani. Hakuna yanayotazamana! Weka klorini mbili utakapo, unapata kitu kilekile kimoja. Na pale katikati, kwenye uwazi ambao mkono haufiki, ndipo kaboni ilipokaa. Nililipa mafungu mawili nikayabeba Jumatatu darasani, na yule binti nikampa la juu.

Nilichokiona sokoni kilikuwa kimeshaonekana zamani. August Kekulé alitengeneza mwaka 1867 modeli ambazo mikono minne ya kaboni inatazama pembe nne za umbo kama lile fungu. Mwaka 1874 Mholanzi wa miaka 22, Jacobus van 't Hoff, akasema wazi kwamba si modeli tu, kaboni yenyewe ndivyo ilivyo, na Mfaransa Le Bel akafikia jambo hilo mwaka uleule kwa njia yake. Van 't Hoff alikunja vipiramidi vya karatasi ngumu, akavipaka rangi, akawatumia wanakemia wakubwa kwa posta. Mzee mmoja wa kemia ya Ujerumani, Hermann Kolbe, alikasirika. Mwaka 1877 akaandika kwa kejeli kwamba huyu kijana wa chuo cha mifugo cha Utrecht hana habari na utafiti wa kweli, amepanda farasi mwenye mabawa, labda wa kuazima palepale chuoni. Tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya Kemia, mwaka 1901, ilikwenda kwa yule kijana wa chuo cha mifugo. Kolbe alikuwa ameshafariki.

Hofmann mwenyewe alihama London mwaka uleule wa 1865, akarudi Ujerumani kushika kiti cha kemia Berlin. Mwaka 1867 akaongoza kuanzishwa kwa chama cha wanakemia wa Ujerumani. Nyumbani alipata majonzi mengi: alioa mara nne, wake watatu wakimtangulia, akapata watoto 11. Ukiona kwenye maabara yenu mirija mitatu ya kioo iliyosimama wima, ya kuchanganua maji kwa umeme, haidrojeni upande huu mara mbili ya oksijeni upande ule, hiyo nayo ni yake. Alikufa ghafla Berlin tarehe 5 Mei 1892.

Alama yako ya tatu siwezi kukurudishia.

*Mwalimu, salaam aleikum. Niko Mombasa, najiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Nachanganya ethane, ethene na ethyne kila siku. Kuna njia ya kukumbuka? — Mwenye Mitihani, Mombasa*

Waaleikum salaam. Ipo, na imetoka kwa mtu huyohuyo tuliyemmaliza sasa hivi. Mwaka 1866 Hofmann alipendekeza majina ya haidrokaboni, yaani vitu vya kaboni na haidrojeni tu, yafuate irabu kwa mpangilio wake: a, e, i, o, u. Kila ukipunguza haidrojeni mbili unasogea irabu moja mbele. Kwa kaboni nne aliandika quartane, quartene, quartine, quartone, quartune. Soma kwa sauti. Ni darasa la kwanza la Kiswahili lile, a e i o u ukutani.

Mbili za mwisho hazikushika. Tatu za mwanzo zilikubaliwa kwenye mkutano wa wanakemia Geneva, Aprili 1892, wiki chache kabla hajafa, na baadaye -ine ikaandikwa -yne isigongane na majina mengine. Kwa hiyo kumbuka: a, mkono mmoja kati ya kaboni na kaboni, e, mikono miwili, i, ambayo siku hizi huandikwa y, mikono mitatu. Kichwani kwako itamke "ethini" mpaka siku ya mtihani, kisha andika inavyotakiwa.

*Mwalimu, habari za kazi. Nasomea famasia Dodoma. Kwenye programu za kompyuta za kuchora molekuli kuna chaguo limeandikwa CPK, na rangi ni zilezile za mipira ya sekondari. Herufi hizo ni kifupi cha nini? — Mfamasia Mtarajiwa, Dodoma*

Ni majina ya watu watatu: Corey, Pauling, Koltun. Robert Corey na Linus Pauling walikuwa chuo cha Caltech, Pasadena, California, wakitafuta umbo la protini. Pauling huyu alikuwa na tabia ya kufikiri kwa mikono. Mwaka 1948 alikuwa Oxford, amelala na mafua, akachora mnyororo wa protini kwenye karatasi, akaikunja na kuizungusha kitandani mpaka ukajisokota kama ngazi ya mnara. Umbo hilo alilitangaza na wenzake mwaka 1951, na bado lipo kwenye vitabu vyako.

Mipira yenye vijiti haikuwatosha. Kijiti kinaacha uwazi mkubwa ambao kwenye molekuli haupo. Unaweza kujenga kitu kizuri mezani ambacho kiasilia hakiwezekani, kwa sababu atomi zingekanyagana. Basi Corey na Pauling wakaeleza mwaka 1953 modeli zilizojaa: kila atomi ni kipande cha mbao ngumu kilichochongwa kwa ukubwa wake halisi, kikakatwa upande unaobanana na mwenzake. Kipimo kilikuwa inchi 1 kwa angstromu 1 (sehemu moja ya milioni kumi ya milimita), yaani kukuza mara milioni 254. Ukijenga protini ndogo kwa kipimo hicho, utahitaji kuhamisha meza.

Walter Koltun ndiye aliyezifanya ndogo, nyepesi, zenye vifungo vya kubana na kubandua, na hataza yake ya Marekani ilitoka 1965, karne moja kamili baada ya mipira ya kroketi. Nyeupe, nyeusi, nyekundu, buluu na kijani zilibaki palepale. Salfa ikapata manjano na fosforasi zambarau. Kompyuta zilipokuja, waandishi wa programu walichukua nyingi ya rangi hizo. Unapobofya CPK, unaona ukumbi wa mtaa wa Albemarle.

Usisahau tu kwamba molekuli ya dawa unayoizungusha kwenye skrini haina rangi hata moja kati ya hizo.

*Mwalimu mwenzangu, pokea salamu kutoka Kigoma. Nina wanafunzi 80 kwenye mkondo mmoja na boksi moja la modeli, tena mipira myeusi imebaki miwili. Nimeomba mapya tangu mwaka juzi. Nifanye nini? — Mwalimu, Kigoma*

Salamu zimefika, mwalimu mwenzangu. Mipira myeusi ndiyo hupotea kwanza kila shule, na sijawahi kujua wanafunzi wanaifanyia nini.

Acha kusubiri boksi. Tumia udongo. Na usione haya, kuna Nobel ya udongo: John Kendrew wa Cambridge, alipopata kwa mara ya kwanza umbo la protini moja mwaka 1957, alilifinyanga kwa udongo laini wa kuchezea, likajipinda kama utumbo, akalitegemeza kwa vijiti vya mbao. Alipokea tuzo mwaka 1962 pamoja na Max Perutz. Naye James Watson, mwanzoni mwa 1953, alichoka kusubiri karakana imkatie vipande vya bati vya modeli ya DNA, molekuli inayobeba urithi, akakata vyake vya karatasi ngumu. Mapacha ya herufi za DNA aliyaona akivisogeza vipande vile mezani. Kwa hiyo kusubiri vifaa si ugonjwa wa Kigoma peke yake.

Mimi nilifanya hivi. Chukua udongo wa mfinyanzi, upondeponde, utoe mawe, uukande mpaka usishike mkononi. Viringisha mipira: ya kaboni, oksijeni na naitrojeni kama ndimu, ya haidrojeni kama nusu yake. Toboa mashimo ukiwa bado mbichi, kwa chelewa ya ufagio wa makuti. Huko kwenu tumia mchikichi, chelewa zake zinafaa vilevile. Anika kivulini siku tatu. Mara ya kwanza nilianika juani kwa haraka zangu. Mipira 60 ikapasuka saa nne asubuhi na wanafunzi wamejipanga wanaingia.

Kazi ngumu ni mashimo ya kaboni. Usijaribu kwa macho, yatakwenda bapa kama ya Hofmann. Funga mabaluni manne yaliyojazwa sawa, shingo kwa shingo, fundo moja. Yatasukumana yenyewe na kukaa kama lile fungu la machungwa, nyuzi 109 na nusu kati ya moja na jingine, hata ukiyapiga yanarudi. Liweke fundo mbele yako na utoboe udongo ukifuata yanakotazama. Mpe kila mwanafunzi ajaribu mmoja. Themanini wakijaribu utapata thelathini vizuri, na ndiyo mahitaji yako.

Kwa maji, mashimo mawili ya oksijeni yabane kidogo kuliko ya kaboni, nyuzi 104 na nusu. Amonia ni kama 107. Usihangaike na tofauti hiyo kwenye udongo, waeleze tu kwa mdomo.

Rangi: haidrojeni chokaa. Naitrojeni ile buluu ya kufulia nguo nyeupe, iliyokorogwa nzito. Oksijeni rangi ya kucha. Mimi nilimaliza chupa ya mke wangu na nikanunua mbili kumlipa. Klorini rangi yoyote ya kijani, utahitaji michache tu. Kaboni usinunue kitu. Kwangua masizi chini ya sufuria ya kuni, changanya na maji na uji kidogo wa muhogo yashike, paka. Na ukiwa unapaka, waambie wanafunzi kwamba huu ndio mpira pekee katika boksi zima uliopakwa kitu chenyewe. Masizi ni kaboni.